Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi: meli Khedive Ismail ipewe jiwe lake la kumbukumbu Kilindini

Mheshimiwa Waziri,

Juzi nilikaa ufukweni Mama Ngina, Mombasa, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, nikitazama meli zikitoka bandari ya Kilindini. Zinapita karibu mno pale, hata ukipunga mkono baharia aliye sitahani anakuona. Mapema Februari 1944 ilipita hapo Khedive Ismail, moja ya meli tano zilizobeba wanajeshi kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na mmojawapo alikuwa mdogo wake babu yangu, kijana wa Taita.

Tarehe 12 ya mwezi huo vita vilikuwa vimeenea dunia nzima. Jeshi la Kisovieti liliukomboa mji wa Luga, na kule Ukraine Wajerumani walikuwa wamezingirwa Korsun. Huko Italia, Wamarekani na Waingereza walikuwa wamebanwa ufukweni Anzio, na pale Monte Cassino walikuwa wameshambulia kwa wiki kadhaa bila kuvunja ngome. Huko Burma, Wajapani walikuwa wamewazunguka Waingereza na Wahindi katika Arakan. Mambo hayo nimeyasoma tangu shule. La bahari yetu nililipata kwa bibi.

Alasiri ya siku hiyo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ilifyatua topido mbili zikaipiga Khedive Ismail. Wengi walikuwa chini, wakitazama burudani. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Mtu aliyekuwa ndani angepanda ngazi ngapi kwa muda huo? Walionusurika walibaki wakielea, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari Petard ya Uingereza, ili kuipata, ikaangusha mabomu ya kulipukia majini palepale walipokuwa watu. Nyambizi ilizamishwa hatimaye. Mimi siwezi kumhukumu nahodha aliyetoa amri ile, kwa kuwa meli nyingine nne zilizojaa watu zilikuwa hatarini. Lakini kila nikifikiria waliokuwa majini, waliodhani manowari ile imekuja kuwaokoa, moyo hunienda mbio.

Walikufa watu 1,297. Wanawake walikuwa 77, wengi wao wauguzi.

Kwetu, habari zilipofika, hapakuwa na maiti ya kuzika. Watu walikaa matanga, lakini mama wa yule kijana alikataa kuyaanua. Alisema mtoto aliyeondoka kwa meli atarudi kwa meli. Bibi, aliyekuwa ameolewa karibuni katika nyumba hiyo, alituambia kwamba miaka mingi sahani ya yule kijana, ya bati, yenye ukingo wa buluu, ilikuwa ikioshwa pamoja na za wengine na kurudishwa mahali pake. Hakuna aliyeruhusiwa kuilia.

Mheshimiwa, najua majina yao yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Nimefika, nikalitafuta la kwetu kwa kidole, mstari kwa mstari, nikaliona. Nashukuru lipo. Lakini wao hawakuondokea Nairobi. Nchi kavu ya mwisho waliyoiona Kenya ni hiyo miamba ya Mama Ngina, na ndipo wajukuu wa Taita, Kilifi na Kwale wanapoweza kufika na kurudi kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, liwekwe jiwe pale, likitazama mlango wa bandari, lenye jina la meli, tarehe na idadi ya waliokufa, kwa Kiswahili kwanza. Pili, kila tarehe 12 Februari majina ya wanakikosi yasomwe hapo kwa sauti. Yasomwe yote, na wasitajwe kwa jumla kama "askari wa Kiafrika". Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, familia zitasubiri.

Makumbusho ya Taifa hawako mbali, Fort Jesus, na wanajua kazi hii. Wakihitaji watu wa kusoma, mimi niandikeni wa kwanza. Na ile sahani ipo bado, kwa shangazi yangu. Amekubali kuitoa ionyeshwe.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa Taita, Mombasa