Kabla hujarudisha ile Chianti

Lalamiko tunalolisikia zaidi hapa dukani kuhusu mvinyo wa Italia ni hili: "Mmeniuzia mvinyo umechacha." Chupa yenyewe huwa ni Chianti, imefunguliwa jana, imenywewa glasi moja, ikarudishiwa kizibo na kuletwa kaunta. Tunaionja mbele ya mwenyewe, na mara nyingi tunakuta mvinyo ni mzima kabisa. Basi tueleze mara moja, kwa marefu kidogo.

Wengi wetu hapa Dar tulianza na mvinyo mtamu wa Dodoma. Chianti haina utamu huo. Sukari ya zabibu zake karibu yote imeshageuka kileo kabla mvinyo haujatiwa kwenye chupa. Unachokutana nacho mdomoni ni uchachu unaojaza mate, na nyuma yake ukakasi kwenye ufizi, ule anaoujua kila aliyewahi kula bibo. Ndivyo ilivyo zabibu ya Sangiovese, ambayo ndiyo roho ya Chianti: asidi yake iko juu, na ukakasi unatoka kwenye maganda na kokwa. Hata rangi yake si nzito. Ukiinamisha glasi kwenye mwanga utaona vidole vyako upande wa pili, na kuna wateja wanaodhani tumeongeza maji. Hatujaongeza.

Chianti ni vilima vya Toscana, mkoa wa Italia, kati ya miji ya Firenze na Siena, vyenye mawe mengi na mizabibu iliyochanganyika na mizeituni na misitu. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa amri ya kuweka mipaka ya eneo linaloruhusiwa kutumia jina hilo. Ni miongoni mwa amri za kwanza za aina hiyo duniani. Lakini jina likivuma, kila jirani hulitaka. Mwaka 1932 serikali ya Italia ililitanua eneo hadi mbali nje ya vilima vile vya asili, na lile la zamani likapewa neno la ziada: Classico.

Kwa hiyo rafuni kwetu kuna mvinyo wa aina mbili wenye jina moja, na bei zao hazilingani. Chianti ya kawaida lazima iwe na Sangiovese asilimia 70 au zaidi. Chianti Classico ni 80 au zaidi. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kutazama shingo ya chupa. Classico ina picha ya jogoo mweusi, nembo ya chama cha wazalishaji kilichoanzishwa mwaka 1924 katika mji wa Radda.

Huyo jogoo ana hadithi yake, na wateja huipenda kuliko takwimu zetu zote. Inasemwa kwamba zama za kati Firenze na Siena walichoka kupigania mpaka. Wakakubaliana kila upande utoe mpanda farasi, aondoke jogoo atakapowika, na pale watakapokutana ndipo uwe mpaka. Siena wakamlisha jogoo wao mweupe akashiba. Firenze wakamfungia wa kwao, mweusi, wakamnyima chakula. Mwenye njaa hakungoja alfajiri. Aliwika usiku wa manane, na mpanda farasi wao akafika karibu kabisa na Siena kabla mwenzake hajaenda mbali. Wanahistoria wana mashaka nayo. Sisi tunaisimulia hivyo hivyo.

Wapo pia wazee wanaotuulizia Chianti ya chupa ya duara iliyovikwa kikapu cha majani makavu. Hiyo ilikuwa na sifa ya wepesi, na sababu mojawapo ni zabibu nyeupe. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye ngome ya Brolio na aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika barua akieleza kwamba zabibu nyeupe ya Malvasia inafaa kuchanganywa kwenye mvinyo wa kunywewa ukiwa mchanga. Kanuni za mwaka 1967 zikafanya zabibu nyeupe kuwa za lazima, na wenye tamaa wakatia nyingi. Kwenye Classico zilipigwa marufuku kuanzia mavuno ya 2006.

Kuhusu daraja, hatutakuchosha. Classico ya kawaida hukaa walau miezi 12 kabla ya kuuzwa, Riserva 24, Gran Selezione 30. Kama ni ya kuteremshia nyama choma na marafiki, chukua ya kawaida. Tunauza Riserva na tunapenda hela, lakini hapo utakuwa umelipia kitu ambacho moshi na kachumbari vitakifunika.

Sasa twende kwenye joto, maana hapa ndipo chupa nyingi zinapoharibiwa bila kosa lolote la mkulima. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu ukiwa na "joto la chumba" umetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye ubaridi. Chianti inataka nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar ikiwa na nyuzi 30, kileo kinapanda puani na ladha nyingine zote zinajificha. Iweke kwenye friji saa moja na nusu hivi, au izamishe kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika kumi. Ikipoa kupita kiasi, usijali, glasi itapata joto yenyewe.

Na usiinywe bila chakula. Huu ni mvinyo wa mezani, huko kwao unasindikiza nyama ya kuchoma na michuzi ya nyanya. Rosti la nyama lenye nyanya za kutosha, mbuzi choma mwenye chumvi, maini ya kukaanga: kula tonge mbili kisha unywe, na ule ukakasi utaona umelegea, kwa sababu mafuta na protini vimeupokea. Samaki wa kupaka usimpeleke huko. Nazi na Chianti hazielewani, na pilipili ikizidi mvinyo unawaka mdomoni.

Chupa mbovu zipo, hatukatai. Ikinuka kadibodi iliyoloa au kabati lenye ukungu, kizibo kimeiambukiza. Ikinuka siki au rangi ya kucha, imeharibika. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu ya mdomo wa chupa kabla hujaifungua, huenda imepigwa na joto, na wakati mwingine ni la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Ukikutana na mojawapo, usimwage. Rudisha kizibo, weka chupa kwenye friji, na uilete kesho yake ikiwa na risiti na mvinyo wenyewe ndani, walau zaidi ya nusu. Tutaionja pamoja na kukubadilishia palepale. Kama ni nzima ila haikukupendeza, hatubadilishi, lakini tutakuonjesha nyingine kabla hujanunua tena.