Barua ya Malalamiko: Mlivyomtendea Mtoto Wangu wa Mbwa Mezani Penu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Nakala: Msimamizi wa Tawi,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

MINTARAFU: KUJERUHIWA NA KUTISHWA KWA MTOTO WANGU WA MBWA WAKATI WA KUKATWA KUCHA KATIKA KITUO CHENU CHA KUHUDUMIA MBWA

Ninakuandikia kwa heshima na ninakusudia heshima hiyo idumu hadi mstari wa mwisho, ijapokuwa nimelazimika kuichana barua hii na kuianza upya kwa sababu ya hasira. Sera yenu kuhusu watoto wa mbwa sina haja ya kuieleza, maana mnaijua, na mmeitundika ukutani pale mapokezi ili kila anayeingia aisome. Nitaeleza kilichotendeka mezani, kwa kuwa mfanyakazi wenu aliyenipigia simu alikiita "tatizo dogo la kucha", nami sikubali kiitwe hivyo.

Pamba ni mbwa jike wa miezi minne, wa jamii ya Japanese Spitz, mweupe pepepe, mwenye kucha nyeusi tititi. Alisimamishwa mezani, kitanzi cha meza kinachomshika mbwa shingoni kikavutwa mpaka kidevu chake kikaelekea juu. Mhudumu mmoja akambana kiuno kwa mikono miwili. Mwingine akaushika mguu wa mbele wa kulia, akauvutia pembeni, upande ambao kiungo cha mbwa hakikuumbwa kwenda, akakata. Alikata kwa mkato mmoja hadi ndani ya nyama hai, mle mnamopita mshipa wa damu na neva, na Pamba akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama yeyote niliyemfuga. Damu ikachuruzika juu ya manyoya meupe. Nikasema, "Tafadhali, acheni kwanza." Mhudumu yule, bila kuinua macho, akanijibu, "Mama, huyu ni mbwa tu, atazoea," kisha akashika kidole kinachofuata.

Neno hilo la "atazoea" ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu kuzoea ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya nyumbani jioni baada ya jioni tangu Pamba aletwe kwangu akiwa na wiki nane. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila woga mwingi huanza karibu wiki ya tatu na huanza kufifia karibu wiki ya kumi na nne, na kila anayefanya kazi ya kuwahudumia mbwa anapaswa kulijua hilo kabla hajakabidhiwa mkasi. Nilikitumia kipindi hicho kwa uangalifu mkubwa. Nilianza kwa kumgusa bega, kisha mkono ukashuka polepole hadi kwenye wayo, na kila aliponiachia mguu bila kuuvuta alipata kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi punje ya mahindi. Alipozoea kubonyezwa vidole nilikiweka kikata kucha sakafuni akinuse. Nikakifungua na kukifunga nikiwa mbali naye. Nikakatia tambi mbichi karibu naye ili masikio yaufahamu mlio ule mkavu, na kila baada ya mlio ini likafuata. Ukucha wa kwanza niliupunguza ncha tu, tukaacha, tukaenda kucheza.

Haya sikuyabuni mimi. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwa mbwa wake kwamba mlio usio na maana yoyote ukitangulia chakula mara kwa mara, mwili wa mbwa wenyewe huanza kuuitikia mlio huo kana kwamba chakula kimekwisha kufika. Nanyi, Bwana Mkurugenzi, mmeionyesha kanuni hiyo kwa upande wake wa pili: mlio uliokuwa ukitangulia ini sasa unatangulia maumivu. Maumivu hayahitaji kurudiwa mara nyingi ili yakumbukwe. Mara moja iliwatosha.

Yote hayo mlikuwa mmeelezwa. Kwenye fomu yenu, pale penye nafasi ya maelezo ya mteja, niliandika kwa mkono wangu kwamba siku hiyo akatwe ukucha mmoja au miwili tu, na kwamba akiuvuta mguu aachwe apumzike. Nilimsomea maelezo hayo binti wa mapokezi, akaitikia, akapiga muhuri, akanitaka nilipe shilingi 3,500 kwa M-Pesa kabla Pamba hajaingizwa ndani. Nilikuja na ini langu kwenye kijaluba nikaambiwa chakula hakiruhusiwi chumbani. Niliomba nisimame karibu na meza ili anione, nikaambiwa nisimame mlangoni, wakati sera yenu inampa mwenye mbwa haki ya kuwa karibu mara ya kwanza mtoto wa mbwa anapohudumiwa. Kwa hiyo nililiona jambo lote kutoka mlangoni, na sihitaji kusimuliwa na mtu.

Ukucha mweusi unajulikana ugumu wake. Katika ukucha mweupe unaiona nyama ya waridi ndani yake na unajua pa kuishia. Katika ukucha mweusi huioni, kwa hiyo unapunguza vipande vyembamba kimoja kimoja na kuukagua uso wa ukucha kila baada ya kukata, na unapoona katikati pameanza kutokea kiduara cha rangi tofauti, unaacha. Ni kazi ya subira, haihitaji nguvu. Mhudumu wenu hakukata kipande chembamba hata kimoja, wala hakuutazama ukucha alioukata kabla ya kuuendea mwingine. Na aliyeamua kufanya kazi ya kukata kucha bila unga wa kuzuia damu mezani, au hata wanga wa mahindi ambao huokoa wengi unga huo ukikosekana, amekubali tangu asubuhi kwamba atakayeumia atavuja damu mpaka ikatike yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Mlimfunga Pamba karatasi ya msalani kidoleni.

Naomba nirudi kwenye meza ile, kwa sababu nimeisimulia kwa haraka mno na haistahili haraka.

Mkia wa Spitz hukaa umejikunja juu ya mgongo. Anayemjua mbwa wa aina hii huutazama mkia kabla ya kitu kingine chochote. Mkia wa Pamba ulishuka pale pale alipowekwa mezani, kabla hajaguswa na chuma. Masikio yakalala nyuma. Akaanza kujilamba midomo, akapiga miayo wakati hakuwa na usingizi, akageuza uso pembeni huku macho yakibaki kwa mhudumu hata weupe wake ukaonekana. Mbwa hana njia nyingine ya kusema kwamba anaogopa na anaomba nafasi. Alisema yote aliyoweza kusema, mbele ya watu wawili wanaolipwa kumwelewa, na jibu alilopewa ni kukazwa kwa kitanzi. Hapo ndipo mguu ulipovutwa pembeni, ukucha ukakatwa hadi kwenye nyama, ukelele ukatoka. Nilisema, "Tafadhali, acheni kwanza," na ninakumbuka kwamba niliinua sauti, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba hawakunisikia. "Mama, huyu ni mbwa tu, atazoea." Akakata wa pili. Akakata wa tatu, nao ukatoka damu. Mkojo ukamtoka Pamba ukaenea mezani chini ya miguu yake, na mhudumu aliyembana kiuno akacheka, akasogeza mkono usilowe.

Kisha Pamba akaacha kupigana. Akasimama kimya, mwili umekakamaa, mate yakimdondoka, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Mhudumu akanigeukia kwa mara ya kwanza, akasema, "Umeona? Ametulia."

Bwana Mkurugenzi, nakuomba uisome sentensi hiyo ya mfanyakazi wako mara ya pili. Mbwa aliyetulia hulegeza misuli, hupumua sawasawa, na ukimpa chakula hukila. Yule aliyekuwa mezani penu alikuwa amekata tamaa, ameona kwamba kuomba hakumsaidii na kupigana hakumsaidii. Mtu asiyeweza kutofautisha utulivu na kukata tamaa hapaswi kumshika mnyama mchanga, hata awe na mikono mepesi namna gani. Nami siamini kwamba huyo ni mtu mmoja tu aliyeteleza siku moja, kwa sababu mwenzake hakushangaa wala hakumzuia. Walikuwa wakifanya kazi yao ya kila siku. Baada ya hapo wakamwashia mashine ya kukaushia manyoya, wakaielekeza usoni, wakati manyoya yake yalikuwa makavu na hakuna aliyeagiza huduma hiyo. Nikaingia, nikamfungua kitanzi mwenyewe, nikamchukua.

Daktari wa mifugo aliyemwona jioni hiyo alisafisha kucha mbili zilizokatwa hadi kwenye nyama na kumpa dawa ya maumivu na ya kuzuia maambukizi. Pamba alichechemea, na hilo limepona. Lisilopona ni hili: droo ya jikoni ikifunguliwa, mlio wa vijiko unamkimbiza chini ya kochi. Ini nikimwekea mkononi mbele ya kikata kucha halili. Binti yangu alipomshika mguu kumpangusa matope, Pamba alimbwekea na kutaka kumuuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na kucha hazisubiri woga uishe. Zinaendelea kukua, na zikirefuka hubadilisha namna anavyokanyaga. Ukucha ule wa pembeni usiogusa ardhi hausuguliki kabisa na ukiachwa hujipinda ukaingia nyamani. Mbwa huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo yote atahitaji kukatwa kucha. Sasa ninamfundisha kujikwarulia mwenyewe ubao nilioubandika msasa, kwa sababu chuma hakikaribii tena, na hata ubao huo anaukaribia kwa kutambaa.

Nanyi mlipopiga simu mlinipa nini? Mlinipa kuogeshewa mbwa bure, mezani pale pale, na wahudumu wale wale. Sikuamini masikio yangu.

Nilikuwa nimekusudia kudai mambo machache: nirudishiwe shilingi 3,500, nilipwe gharama ya daktari ambayo risiti yake nimeiambatisha, na niandikiwe barua ya kuomba radhi. Lakini kila ninapoandika naona hayo hayatoshi. Mlichoharibu hakikununuliwa kwa shilingi 3,500. Kwa hiyo nadai pia mlipie mkufunzi wa tabia za mbwa nitakayemchagua mimi mwenyewe, hadi Pamba atakapoweza tena kutoa mguu wake kwa hiari. Nadai wahudumu wale wawili wasimshike mtoto yeyote wa mbwa mpaka wafunzwe na mtu mwenye sifa, na nipewe uthibitisho wa maandishi kwamba wamefunzwa. Nadai picha za kamera iliyo juu ya meza ile zihifadhiwe kuanzia leo. Zikifutwa, nitajua zimefutwa kwa nini, na nitalieleza hilo mahali panapostahili. Na ile sera ya ukutani, ama muitekeleze ama muishushe, kwa kuwa watu wanawakabidhi wanyama wao kwa kuiamini.

Natoa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka nakala yake kwa KSPCA, shirika la kuwalinda na kuwatunza wanyama nchini Kenya, pamoja na ripoti ya daktari, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haizungumzii kumpiga mnyama peke yake. Kumtia hofu kwa ukatili nako ni kosa. Upande wa fedha, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya fidia pale kasoro za huduma zinapomtia hasara au kumjeruhi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mbele yake ninaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Nimekwisha kuanza kuandaa karatasi, na sitazirudisha kabatini kwa sababu ya simu ya upole.

Jibu nilitakalo ni la maandishi, lenye sahihi yako wewe Mkurugenzi, na lieleze kwa jina la cheo ni nani aliyeamua kwamba maelezo niliyoyaandika kwenye fomu yasifuatwe. Msinipigie tena kuniambia ni tatizo dogo la kucha.

Wako,
Mteja mwenye Pamba

Viambatisho: risiti ya malipo kwenu, risiti na ripoti ya daktari wa mifugo, picha za miguu ya Pamba zilizopigwa jioni ile.