Juma, hilo gari halijiendeshi

Kaka Juma, mambo vipi, shem hajambo, watoto je? Huku sote wazima, mguu wa mama unaendelea vizuri na salamu zako nimemfikishia. Haya, salamu zimetosha, maana ile voisi yako ya juzi bado inanikera. Eti "gari linajiendesha mwanangu, nimeachia usukani natafuta chaja", na unacheka! Juma una akili kweli?

Kwanza hongera, gari ni zuri. Na sio kwamba mimi napinga teknolojia, usije ukasema nimekuwa Mzee Kombo. Mkanda huu wa pointi tatu alibuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, ABS, ile breki inayozuia matairi yasifunge, iliingia kwenye Mercedes-Benz tangu 1978, na hakuna mwenye akili zake anayetaka kurudi nyuma ya hapo. Kitu kama ABS kinakaa kimya kinakusubiri siku ukiteleza. Halafu mwambie shem, siku akikanyaga breki kwa nguvu pedali ikaanza kutetemeka na kukoroma asishtuke akaachia mguu, hapo ndo inafanya kazi, akandamize hivyohivyo huku anakwepa, maana matairi hayajafunga na usukani bado unasikia. Watu wengi wanaachia wakidhani gari limeharibika.

Sasa hiyo yako ya kufuata gari la mbele na kukaa kwenye leni ni habari nyingine kabisa. Kuna kamera pale juu nyuma ya kioo cha mbele, hiyo ndo inasoma mistari ya barabara, sasa mistari ikiwa imefutika, au jua linakupiga usoni, au mvua kubwa, au kioo kina tope, inasoma nini? Na kitabu cha gari chenyewe kimeandika kwamba mfumo unaweza usitambue gari lililosimama, yaani uko spidi, wa mbele yako anahama leni ghafla, unakutana na lori bovu limeegeshwa hapohapo. Kisome basi, kiko kwenye droo ya dashibodi na nakujua bado kina nailoni yake. Ukiwa kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde, sasa hiyo chaja uliitafuta sekunde ngapi?

Wale SAE, chama cha wahandisi wa magari, wana ngazi zao za gari kujiendesha kuanzia 0 mpaka 5, la kwako ni ngazi ya 2, ambapo dereva ni wewe muda wote, hata kama miguu na mikono imepumzika. Kinachonitisha ni kwamba linafanya vizuri. Lingekuwa linakosea kila siku ungekuwa macho, ila likipatia siku zote unazoea, akili inaenda likizo, halafu siku likikurudishia usukani linakupa sekunde chache tu ujue uko wapi na kuna nini mbele.

Na hiyo skrini! Zamani mkono ulikuwa unajiendea wenyewe kwenye kitufe cha AC, macho barabarani. Sasa mpaka uguse, ufungue menyu, uguse tena, gari linaruka shimo kidole kinabonyeza redio. Mpaka Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wamesema kuanzia 2026 gari likitaka alama zote za usalama, vitu kama indiketa, hazadi, honi na waipa viwe na swichi za kushika kwa mkono. Mzee Kombo yeye kazima milio yote ya tahadhari, anasema gari linamgombeza kuliko mama mkwe. Nilicheka ila nayo si sawa, milio ikizidi hata ule wa maana hausikiki.

Kamera ya rivasi nakuunga mkono mia kwa mia, hasa kwa wale watoto wako wasiotulia, Marekani ni lazima kwa magari mapya tangu 2018. Ifute tu vumbi.

Ila nirudi palepale, usukani usiuachie, Juma. Likiwa linakusaidia sawa, we shika.

Sasa nijibu, na usinitumie voisi ukiwa unaendesha. Ile breki ya dharura inayojikamata yenyewe umeiacha imewashwa au umeizima kama ulivyotishia? Ule ufa wa kioo umefika wapi? Kama ni fundi Side anakubadilishia, umemuuliza ana vifaa vya kuipanga upya ile kamera, au atabandika kioo tu aseme tayari, kamera iwe inaangalia pembeni? Shem ameshaanza kuliendesha, na nani anamwelekeza, wewe?? Na safari ya mwisho wa mwezi mnakuja wote au unakuja peke yako na hilo roboti lako?

Wasalimie wote,
Hamisi