Masomo ya vijana wetu baada ya saa za shule

Ndugu wazazi na walezi, habari za jioni.

Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka 7 katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania huingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, hivyo hunyamaza darasani, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa lugha. Katika kikundi chetu cha masomo baada ya shule huuliza kwa Kiswahili, kisha hurudia jibu kwa Kiingereza bila kuchekwa, na taratibu sauti yake hurudi. Nimeliona hilo mwenyewe na limenigusa sana.

Nawaomba mabinti nao waruhusiwe, kazi za nyumbani zisiwazuie. Tunaanza Jumatatu, saa 10 alasiri.