Kura yangu mi naipeleka Amani

Shoga yangu Mwanaidi,

Za Dar, watoto hawajambo? Huku Tanga kwema, joto tu ndo linatukaanga.

Haya, ile ishu ya cheti cha bustani bora tunachokipigia kura kwenye kikundi chetu. Naona wengi wanataka mwaka huu iwe ile ya hoteli kule baharini, eti nyasi zimekatwa na maboganvilia yamepangwa rangi rangi. Jamani, ile si kazi ya kinyozi? Kama tunampa mtu cheti cha kutunza mimea basi kiende Amani, ile bustani ya mimea ya zamani kule milimani juu ya Muheza, na nataka unisaidie kuwasemesha maana wewe wanakusikiliza.

Najua utaniambia Amani msitu ule, bustani iko wapi. Kila anayepanda na gari anafika anatafuta vitalu vya maua anakuta miti mirefu anaona kapigwa. Sasa shoga, miti mingi pale imepandwa na watu! Wajerumani walianza 1902, wakaleta mbegu za nchi za mbali huko, mikwinini, mikafuri, miti ya mpira, midalasini, milangilangi ya manukato, wajaribu upi utakubali udongo wetu, na Vita vya Kwanza vilipowabana wasipate dawa kutoka kwao wakatengeneza kwinini, dawa ya malaria, humo humo. Wakaondoka, wakaja Waingereza nao wakaondoka, miti iko pale pale, unachubua kidogo gome la mdalasini harufu inakubaki mkononi mpaka unafika stendi Muheza.

Ila sikufichi, si yote ya kusifiwa. Ule mti wa msizi uliopandwa pale umetoroka, ndege hondohondo wanakula tunda wanaenda kudondosha mbegu msituni, sasa umejaa unabana miti ya asili. Ndo maana mi nataka cheti waandikiwe wanaoitunza leo, sio Mjerumani wa 1902.

Halafu kile kiua cha zambarau cha Usambara unachokipenda, mbegu zake alizituma Ujerumani Mjerumani mmoja, Saint Paul, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa hapa Tanga, mwaka 1892, leo kiko madirishani Ulaya na Marekani yote na wanakiuzia hela. Huku kwao Usambara kimejibana kwenye jiwe lenye kivuli na unyevu, jani nene lina manyoya, katikati ya ua vidoti viwili vya njano. Kukizidisha ni jani tu, unalikata na kikonyo chake unalichomeka kwenye mchanga wenye maji maji, usilowanishe juu litapata madoa, baada ya wiki kadhaa vitoto vinachomoza pale chini. Ila usiende kuchuma kule hifadhini, we nenda kwa wauza maua.

Kura zinafungwa Ijumaa, piga simu kwa wale wenzetu wawili wa kikundi wa Chumbageni uwaambie, mi wakiniona wanajua nakuja na Amani yangu tena. Nauli ya kupeleka cheti ntachangia.

Wako,
Zuhura