Wafula, njoo tuchonge jiwe hili pamoja

Kariobangi, Nairobi

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka karakana. Sisi huku wazima, na mama wa chai bado anakuulizia. Habari za Bungoma utanipa ukija, maana nakuandikia hasa kukuita.

Nimepata kazi ambayo sitaki kuianza peke yangu. Mteja ameleta bamba la marumaru ya Kajiado, jeupe lenye mishipa ya kijivu, anataka jiwe la kaburi la mamake lichongwe kwa mkono. Kwingine walimwonyesha graniti nyeusi na stika iliyokatwa kwa kompyuta, tayari kupulizwa mchanga kwa mashine uchimbe herufi, akasema herufi zile zinafanana na za mabango ya duka. Mimi siudharau mchanga, umetulipia kodi mara nyingi, na graniti kwa tindo ni adhabu. Ila marumaru hukubali mtaro wa V, ule unaoingia kwa mshazari kutoka pande mbili hadi ukakutana chini, na kivuli kinachokaa mle ndicho kinachosomeka, hata bila rangi.

Sasa sikia maneno anayoyataka: jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na LALA SALAMA.

Najua umeshacheka. L ikifuatwa na A huacha shimo: mguu wa L umelala chini, A nayo imeinama kuukimbia, huku juu pakabaki wazi kama pengo la jino. Na hapa zinafuatana mara tatu! Ukizisogeza, miguu yao inagongana. Nimeufupisha mguu wa L kidogo, kisha nikatanua nafasi kati ya herufi nyingine zilingane na shimo hilo. M nimeipa miguu iliyopanuka, kama ile iliyochongwa kwenye nguzo ya kaizari Trajan kule Roma, ya mwaka 113, ikae vizuri kati ya zile A mbili. Ili kupima nafasi, nimeziba kwa karatasi nikaacha herufi tatu tatu, nimeugeuza mchoro juu chini, nimerudi nyuma hadi mlangoni. Jana ilionekana sawa. Leo naona SALAMA imebanana kuliko LALA.

Hapo ndipo ninapokukosa. Jicho lililochora limeshazoea, halioni tena. Unakumbuka Mzee aliyetufundisha alivyokuwa akitubadilishia mawe? Mimi nachora, wewe unapita na kitambaa chenye maji na kufuta herufi usiyoipenda, bila hata kuniambia sababu. Nilikukasirikia sana. Lakini vijana wawili ninaofundisha sasa hawathubutu kunifutia chochote, wananiita mwalimu, na heshima ya namna hiyo haifai karakanani. Yule msichana tu ndiye anayetua brashi na kukunja uso mbele ya mchoro wangu. Huyo atafika mbali. Wote wawili bado wanachora alfabeti kwa brashi, tindo nawapa kwenye vipande vilivyovunjika.

David Kindersley, mchongaji wa herufi wa Cambridge, Uingereza, aliyeanza kujifunza kwa mchongaji Eric Gill mwaka 1934, alihangaika miaka mingi na jambo hili la nafasi hadi akabuni mfumo wake wa kuzipima. Nadhani hata mfumo wake ungetaka mtu wa pili wa kubishana nao.

Kuna pia suala la jua. Kaburi liko shambani kwao Machakos, na familia walitaka jiwe lielekee kaskazini, upande wa barabara. Nikawaeleza kwamba sisi tuko karibu na ikweta: Juni jua liko kaskazini mwetu, herufi zitang'aa, lakini Desemba jua limehamia kusini na uso wa jiwe utashinda kivulini. Na Desemba ndipo watu wote wako nyumbani. Wamekubali lielekee mashariki. Kufikia saa nne asubuhi mwanga utakuwa unateremka juu ya uso wa jiwe, na mitaro itajaa kivuli mwaka mzima.

Njoo na tindo zako zenye ncha ya tangsteni, hasa ile nyembamba. Yangu imeishia kwenye kuchongea nukta. Nyundo ya mviringo ipo. Barakoa nimenunua mpya, maana jirani bado anakata graniti kwa grainda bila maji, na vumbi lile ni baya kwa mapafu kuliko hili letu la marumaru. Nimeongea naye, anacheka tu.

Mteja ametoa nusu ya malipo, tutagawana sawa kwa sawa. Nauli nitakutumia kwa simu ukinipa siku. Mchoro nimeubandika ukutani, na kitambaa nimekiloweka.

Ni mimi nduguyo,
Mutua