Vijana wa Bygdeå nao wamo katika historia ya Mfalme Gustav Adolf

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala iliyotoka katika gazeti lako kuhusu Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi, na nashukuru kuona gazeti la Kiswahili likiwapa wasomaji wake habari za Ulaya ya karne ya 17. Hata hivyo, makala ile imemsifu mfalme huyo kuwa aliinyanyua nchi yake kwa ushujaa na kwa kuipigania dini yake ya Kilutheri, lakini haikusema lolote juu ya watu waliotolewa majumbani mwao kwenda kumpigania. Kwangu mimi ninayesomesha historia skuli, pengo hilo ni kubwa mno kuachwa lipite.

Sikanushi uhodari wake. Baba yake, Karl IX, alifariki mwaka 1611, naye kijana hajatimiza miaka 17, akaachiwa ufalme pamoja na vita dhidi ya Denmarki, Urusi na Polandi. Mwaka 1617, kwa Mkataba wa Stolbovo, aliizuia Urusi isifike Bahari ya Baltiki. Mwaka 1630 akateremsha jeshi Ujerumani, katika vita vinavyoitwa Vita vya Miaka Thelathini, na Septemba 1631 akayavunja majeshi ya Kaisari Mkatoliki wa Ujerumani huko Breitenfeld. Lakini ushujaa haulishi jeshi. Jeshi lile lililishwa na shaba ya mgodi wa Falun, na ushuru wa bandari za Prussia, na fedha za Ufaransa, iliyoahidi katika Mkataba wa Bärwalde wa Januari 1631 kumlipa riksdaler (sarafu za fedha) 400,000 kila mwaka. Aliyekuwa akiiongoza siasa ya Ufaransa wakati huo ni Richelieu, kadinali wa Kanisa Katoliki, kwa hivyo anayesema kuwa vita vile vilikuwa vya Walutheri dhidi ya Wakatoliki na basi, amelieleza jambo nusu.

Na watu je? Uswidi pamoja na Ufini wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni moja na robo, yaani pungufu ya sisi tuliohesabiwa Unguja na Pemba katika sensa ya 2022. Katika kila mtaa wa kanisa wanaume waliandikwa majina, wakapangwa kumi kumi, na kila kumi ikatakiwa imtoe mmoja. Wakulima waliokuwa chini ya makabaila walipunguziwa mzigo, na mwenye uwezo aliweza kumlipa mtu aende badala yake, hivyo walioondoka zaidi wakawa ni wanyonge.

Orodha hizo zimehifadhiwa, na ndiyo maana tunaijua habari ya Bygdeå, mtaa wa wakulima huko kaskazini ya Uswidi. Baina ya mwaka 1621 na 1639 Bygdeå ilitoa vijana 230 kwenda kupigana Polandi na Ujerumani. Waliokufa huko ni 215, na watano wengine walirudi wakiwa walemavu. Wanaume wazima wa mtaa huo, waliokuwa 468 mwaka 1621, walibakia 288 mwaka 1639, na kufikia mwaka huo miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo watoto wa miaka 15. Tena si kwamba waliangukia katika mapigano makubwa yanayosimuliwa vitabuni. Wengi waliuliwa na maradhi ya kambini na ndani ya ngome walizowekwa kuzilinda. Mashamba waliyoyaacha yalilimwa na wanawake na wazee, ambao kodi ya vita iliendelea kuwafuata vile vile.

Mfalme mwenyewe aliuawa vitani Lützen, Ujerumani, Novemba 1632, alipowaongoza wapanda farasi wake kwenye ukungu na kutengana na watu wake. Hakuwa amevaa deraya ya chuma, kwani jeraha la zamani la risasi lilikuwa likimuumiza, bali koti la ngozi tu. Koti hilo leo linatunzwa Stockholm, na farasi aliyempanda siku hiyo, jina lake Streiff, alichunwa, ngozi yake ikajazwa, na bado anaonekana katika makumbusho ya mji huo. Kifo chake hakikuzima vita. Kansela wake, Axel Oxenstierna, aliviendeleza kwa jina la Kristina, binti wa mfalme, aliyekuwa hajatimiza miaka sita, na amani haikupatikana hadi mwaka 1648.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu na sisi tunalo deni kama hilo. Mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani mbele ya mji wetu Septemba 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, wana makaburi yao kisiwani Chapwani. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliochukuliwa katika vita hivyo hivyo walikufa kwa maelfu mengi, nao pia zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na walio wengi kaburi la mmoja mmoja halijulikani liliko. Msomaji aliyeelezwa habari ya Bygdeå atajua la kuuliza juu ya wapagazi wale. Aliyeelezwa Breitenfeld peke yake hatajua.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, ikiwa makala hizo zitaendelea na zikafika kwa Karl XII, mfalme wa Uswidi wa baadaye, na kushindwa kwake na Warusi huko Poltava mwaka 1709, mwandishi wako atueleze pia askari wale walitoka vijiji gani, waliandikishwa vipi, na nani aliyebaki kulima.

Wako,
Mwalimu wa Historia,
Malindi, Unguja